Jiko la Kuni Lenye Dohani Mahali pa Mafiga

Aliyekaa nyuma na asogee mbele apate kusikia vizuri. Mwalimu aandike ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: DOHANI, MASIZI, HEWA, LAMI. Maneno hayo tutakuwa nayo tangu mwanzo hata mwisho wa somo. Asiyeweza kuyasoma bado ayasikie kwanza kwa masikio, kisha ayatafute ubaoni kwa macho.

Somo letu la leo ni la jikoni. Akina baba wasiinuke kwenda zao, kwa maana kazi ya kupima, kutoboa ukuta na kupanda juu ya paa itakuwa yao, wakitaka wasitake.

Nasema hasa nanyi mnaokaa milimani: Mgeta, Bunduki, Nyandira, Tchenzema, Kinole, Tegetero. Mtu wa Morogoro mjini, hata akikaa mtaa wa Mafiga, ambao jina lake ni lile lile la mawe yetu matatu, hana haja kubwa ya moto wa kuota. Lakini milima ya Uluguru hupanda hata kupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu, mwezi wa Juni na Julai, ukungu hushuka mpaka mlangoni, na moto wa jikoni huwa na kazi mbili: kupika na kuota. Kwa sababu ya baridi mlango hufungwa. Dirisha, kama lipo, huzibwa kwa gunia. Watoto hulala karibu na moto. Hapo ndipo hatari inapoingia, na ndiyo tutakayoizungumza.

Moshi ni kitu gani? Wengi husema ni uchafu wa moto. Sivyo hasa. Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Ukuni ukipata joto hutoa hewa na mvuke uwezao kuwaka. Joto likiwa kali na hewa safi ikitosha, mvuke huo huwaka wote, nawe huona mwali mweupe wenye moshi kidogo tu. Joto likiwa dogo, au ukuni ukiwa mbichi, mvuke huruka bila kuwaka, nao ndio moshi unaokuliza machozi. Basi mama anayekaa katika moshi mwingi anapoteza kuni alizozibeba kichwani tangu asubuhi, na papo hapo anaumia kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Katika hao wamo watoto wengi wa chini ya miaka 5, nao hufa hasa kwa homa ya mapafu.

Lakini iko hewa nyingine mbaya kuliko moshi, nayo haionekani. Wataalamu huiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hutoka katika moto uliokosa hewa, na hasa katika makaa mekundu yasiyo na mwali. Mtu akiivuta huingia katika damu na kukamata mahali pa hewa njema, nayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema inavyoshika. Kwanza kichwa huuma. Kisha mtu huona kizunguzungu, hutaka kutapika, miguu hulegea, halafu usingizi. Aliyekwisha kulala hahisi lolote. Ndiyo sababu twasikia habari za watu waliolala wazima na jiko la mkaa chumbani, na asubuhi wakakutwa wamekufa, na nyumba haikuungua hata kidogo.

Kwa hiyo shikeni neno hili kabla ya mengine yote. Jiko la mkaa, au karai la makaa, lisiingie katika chumba cha kulala. Si kwa saa moja, si kwa ajili ya mzazi aliyetoka kujifungua, si kwa ajili ya mgonjwa. Hao ndio wanaodhurika upesi. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye moto, fungueni mlango, mtoeni nje kwenye hewa, halafu mpelekeni zahanati au hospitali hata kama amezinduka na anasema hajambo.

Sasa tuje kwenye jiko lenyewe.

Katika nchi za baridi watu walijenga zamani mahali pa moto ndani ya ukuta wa sebule, na juu yake dohani, yaani njia ya moshi ipandayo mpaka juu ya paa. Nyumba za kale za namna hiyo zipo hata kwetu Afrika ya Mashariki, kama huko Lushoto, na Limuru katika Kenya. Mahali pa moto palipo wazi hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto hupanda na moshi na kwenda angani. Wenye nyumba wakaona afadhali waingize ndani ya pango lile sanduku la chuma lenye mlango, ili kuni chache zitoe joto jingi. Fikira ilikuwa njema. Lakini wapo waliolisukuma sanduku ndani ya pango, wakaliacha litoe moshi wake katika ile dohani ya zamani, pana na ya baridi. Moshi ukapoa njiani, ukaganda kwenye kuta za dohani, ukawa lami nyeusi. Siku moja cheche ikapanda, lami ikawaka, na nyumba ikaungua kuanzia juu.

Kwa hiyo mafundi wa huko wana kanuni. Kwanza dohani ya zamani husafishwa na kukaguliwa kama ina nyufa au viota vya ndege. Kisha bomba jipya hutoka kwenye sanduku na kupanda moja kwa moja ndani ya dohani ile mpaka juu kabisa, lisipungue upana njiani. Nafasi iliyobaki pembeni ya bomba huzibwa kwa kitu kisichowaka. Na mbele ya mlango wa jiko sakafu huwa ya jiwe au saruji, isipungue sentimita 45, ili kaa likianguka lisikute ubao wala zulia.

Ninyi hamna pango ukutani. Mna mafiga matatu. Lakini kazi ni ile ile: tunauchukua moto uliozoea kukaa wazi, tunauingiza ndani ya jiko lililofungwa, na tunaupa njia ya kutokea. Moto ukifungwa huwa mkali zaidi, na njia ya kutokea huwa ya moto. Ukijenga ovyo, umetoa moshi ukaleta ajali.

Tuanze na ukuta. Nyumba nyingi za milimani ni za miti na fito zilizokandikwa udongo. Ukiutazama ukuta utasema ni udongo mtupu, hauwezi kuungua. Hasha! Ndani mna miti mikavu. Udongo ukipata joto kila siku hupasuka, vipande vikaanguka, na mti ukawa wazi. Tena mti uliopashwa moto miaka mingi huwa kama mkaa, nao hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mpya. Kwa hiyo usijenge jiko likiegemea ukuta wa fito. Acha nafasi ya kupita mkono mzima kati ya jiko na ukuta, na katika nafasi hiyo simamisha ukuta mdogo wa matofali ya kuchoma, wenye pengo nyuma yake ili hewa ipite. Anayenunua jiko la chuma aongeze nafasi zaidi. Chuma hutupa joto mbali kuliko udongo, na jiko la chuma lisilo na kinga lataka karibu mita 1 mpaka kwenye kitu chochote kiwezacho kuwaka.

Kiini cha jiko hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Msiniulize vipimo kamili, kwa sababu udongo wa Kinole si udongo wa Nyandira. Fanyeni hivi: kandeni donge kama chungwa, mliache kivulini mpaka likauke. Likipasuka, mfinyanzi umezidi, ongezeni mchanga. Likimomonyoka mkononi, mchanga umezidi, ongezeni mfinyanzi. Likiwa gumu bila ufa, mchanganyiko huo ndio wenu. Mahali pale moto unapowaka wekeni matofali ya kuchoma, maana udongo mbichi huliwa na moto.

Kinywa cha jiko kiwe kidogo, cha kuingiza vipande 3 au 4 vya kuni zilizopasuliwa. Akina mama wengi hupenda kinywa kikubwa cha kusukumia gogo zima, lakini hapo hewa baridi huingia kupita kiasi na jiko hurudi kuwa mafiga yaliyozungushiwa ukuta. Chini ya kuni wekeni wavu wa chuma au vipande vya tofali, ili hewa ipite chini na kuni zisilale juu ya majivu. Sufuria ikae ndani ya tundu lake, na pembeni yake nafasi ya upana wa kidole tu, joto lipite likilisugua sufuria. Jiko moja haliwezi kufaa sufuria za kila ukubwa. Pimeni ile ya ugali mnayoitumia kila siku.

Sasa DOHANI. Someni neno hilo ubaoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hutaka kupunguza gharama.

Dohani isianze kwa bati. Mabati yetu ya kuezekea yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Sehemu ya chini, iliyo karibu na moto, iwe ya matofali ya kuchoma au vigae vya mfinyanzi, na bomba la chuma lianze juu zaidi. Bomba la plastiki halifai hata kidogo. Na mabomba ya zamani ya asbesto, yanayookotwa penye majengo yaliyobomolewa, msiyaguse wala kuyakata, kwa maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Upana wa bomba usipungue sentimita 10, na 15 ni bora, na upana huo uendelee mpaka juu. Kona ziwe chache. Kila kona ni mahali pa masizi kukaa.

Dohani ipitie wapi? Kama paa ni la mabati, yaweza kupita juu, mradi mbao na miti ya kenchi iwe mbali na bomba sentimita 45 kila upande. Ikiwa mti wa paa umekaa katikati ya njia, hamisheni bomba, msiuchonge mti. Penye tundu wekeni kipande cha bati kilichokunjwa kama kola, mvua isiingie. Juu ya paa dohani ipande sentimita 90, ndizo futi 3, kutoka mahali ilipotokea. Tena iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho karibu nayo chini ya mita 3, kama kipeo cha paa au mti. Dohani fupi hupigwa na upepo wa mlimani, na moshi wote hurudi jikoni. Mwisho wake upate kofia ya bati ya kuzuia mvua, iliyoachiwa nafasi pande zote.

Kama paa ni la nyasi, bomba la chuma lisipite ndani ya nyasi. Nasema bila kuzunguka: hakuna kola wala udongo wa kuzungushia utakaonifanya niseme tofauti. Nyasi kavu na cheche hazina mapatano. Mwenye paa la nyasi na afanye moja kati ya mambo mawili. Ama ajenge jiko katika banda dogo la peke yake lenye mabati machache, mbali kidogo na nyumba ya kulala, ama abaki na jiko la udongo lisilo na dohani, apanue madirisha na kuacha pengo chini ya paa, akapika kwa kuni kavu. Jiko hilo si kamili, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko dohani ya hatari.

Jiko likiisha kujengwa lisiwashwe siku ile. Liacheni likauke wiki mbili au tatu, halafu moto mdogo wa vijiti siku kadhaa. Nyufa zitakazotokea zibeni kwa udongo ule ule. Kisha jaribuni kwa kuchoma majani makavu kidogo ndani ya jiko huku mkitazama kila kiungo cha dohani. Mahali moshi unapotoka, hata kama uzi, ndipo na ile hewa isiyoonekana itakapotokea. Na dirisha la jikoni libaki, dohani au hakuna dohani. Moto hula hewa. Chumba kikizibwa kabisa, moto hutafuta hewa hata kwa kuivuta kupitia dohani, ndipo moshi unaposhuka badala ya kupanda.

Labda mama mmoja kati yenu atasema: “Mwalimu, moshi huu huu ndio unaolinda mahindi yangu ya mbegu darini. Ukiondoka, fukusi watayala.” Ni kweli, mama, wala si ujinga. Moshi hufukuza wadudu, hukausha mahindi, na hulinda nyasi za paa zisiliwe upesi. Anayewaambia kwamba jiko jipya halina hasara hajapata kuhifadhi mbegu. Basi kabla ya kuondoa moshi, tafuteni mahali pengine pa mbegu: ziwe kavu kabisa, zitiwe katika chombo kisichopitisha hewa, kama dumu lenye kifuniko cha kukaza, na kijazwe mpaka juu. Wadudu waliomo hukosa hewa wakafa.

Mwingine atasema jiko lililofungwa halitoi mwanga, na wazee hawaoti vizuri. Hilo nalo ni kweli. Mwanga wa taa ndogo ya jua wapatikana siku hizi. Joto la kuota hutoka katika kiwiliwili cha udongo, nalo hukaa muda baada ya moto kuzimika, ila si lile la kuchoma magoti. Wazee watanung'unika, na wana haki. Sisemi mtu alazimishwe. Waluguru wanakumbuka jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mashambani, hata mwaka 1955 pakazuka fujo na mpango ule ukaachwa. Jiko lililojengwa kwa amri hubomolewa mgeni akiisha kuondoka.

Tuseme kidogo juu ya kuni. Ukuni uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kwanza, dohani ikapata mvuke na lami. Pasueni kuni, mzipange juu ya mawe zisiguse ardhi, mzifunike juu na kuziacha wazi pembeni, toka Juni mpaka Septemba kabla ya mvua za vuli. Misindano ina utomvu mwingi, nayo hujaza masizi upesi kama haikukauka. Na kuni zisitoke ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini na Kusini. Huko ndiko yaliko machimbuko ya Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa mpaka Dar es Salaam. Pandeni miti ya kuni mipakani mwa mashamba yenu.

Halafu MASIZI. Dohani ni lazima isafishwe. Kwa anayepika kila siku, mara moja kwa mwezi si nyingi, mpaka ajue tabia ya jiko lake. Funga mzigo wa majani magumu au brashi ya waya kwenye kamba yenye jiwe, uteremshe kutoka juu, moto ukiwa umezimika tangu jana. Masizi yakiwa vumbi laini, jiko ni zima. Yakiwa meusi yanayong'aa, yamegandamana kama lami ya barabara, kuni zenu ni mbichi au mnaziba hewa mno usiku.

Lami ikiwaka, mtasikia dohani inaunguruma kama lori linalopanda mlima, na cheche zitaruka nje. Toeni watu wote kwanza. Zibeni kinywa cha jiko kwa bati au udongo ili moto ukose hewa. Msimwage maji ndani ya jiko, maana yatageuka mvuke kwa ghafula na kulipasua jiko usoni penu. Maji yawe ya kulowesha paa na vitu vya jirani. Ukiisha kuzimika, jiko lisitumiwe mpaka dohani yote ikaguliwe.

Na mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake mafuta, unga, majivu wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, au liko usoni au mikononi, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa fungueni madaftari. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja apime jiko la nyumbani kwake na kuandika namba tano: upana wa chumba, urefu wake, kimo kutoka mafiga mpaka paa, umbali kutoka mafiga mpaka ukuta wa karibu, na upana wa sufuria ya ugali. Pembeni aandike paa ni la nini. Asiyeweza kuandika namba bado akate kamba kwa kila kipimo, afunge fundo, aje nazo darasani, na mwenzake amsaidie kuzipima kwa rula. Kiongozi wa kundi azitie namba zote katika daftari moja. Kwa namba hizo tutajua ni nyumba ngapi zaweza kupata dohani mwaka huu, na ni ngapi zitahitaji banda kwanza.